Mtoto wa Jicho

Walimtoa mtoto wa jicho Ndanda, siku ya Jumanne,
wakampachika lenzi isiyozidi punje ya mbaazi.
Akarudi Newala na chupa ya matone, akisema:
Mwili mzima, jicho ndilo lililozaa,
na mtoto mwenyewe wamemwacha kwenye beseni.

Ndiyo mizaha ya shangazi Somoe.
Huwa nacheka nikitazama pembeni.

Mwezi wa sita, mvua zimekwisha,
Mwalimu Nandonde alituita ukingoni mwa Shimo la Mungu.
Baridi ilipanda kutoka bondeni,
na mbali, ng'ambo ya Ruvuma, moto wa mashamba
ulikuwa uzi mwekundu uliosahauliwa chini.
Darubini yake ni bomba la plastiki,
kioo alichokisugua miezi minane,
na stuli ya maabara, mguu mmoja mfupi.
Alitafuta saa nzima. Alituomba radhi mara nne.
Shangazi alijifunika gunia la korosho, hakusema neno.

"Dengu," mwalimu akasema hatimaye.
"Wataalamu wanaiita galaksi ya umbo la dengu."
"Hapa nani analima dengu?"
Jicho lake jipya lilikuwa tunduni.
"Hii ni mbegu ya boga, imesimama kwa ubavu.
Nene katikati, imechongoka huku na huku.
Imetulia."

Mwalimu akaeleza, mikono mfukoni:
ziko galaksi zilizojiviringa kama uji unaokorogwa,
ziko nyingine kama yai, nyota zake zinapishana kama nyuki.
Hii si huku, si huko.
Ina sahani kama zile, ina kitovu kinene kama hizi,
mikono ndiyo haina.
Gesi ya kufinyangia nyota imebaki ya kuramba.
Zilizomo ni za kale, za manjano yanayoelekea wekundu,
na hazijapata mdogo wao
kwa miaka mabilioni.

Nilitamani anyamaze.

"Ilikuwaje ikakauka?"

"Wengine wanasema ilipita katikati ya kundi, ikanyang'anywa.
Wengine, iligongana na mwenzake.
Wengine wanasema ilitumia yote ujanani.
Huenda kila moja ina yake. Hatujui, mama."

"Afadhali ninyi mnasema hamjui."

Miaka arobaini mtaa mzima ulijua:
amefungwa na wifi, alikunywa mizizi mibaya,
ni mume wa kwanza; alipoolewa tena, ni yeye.
Na sisi sita, watoto wa ndugu zake,
tulizunguka sufuria yake kila jioni,
tukigombea ukoko,
hakuna aliyetuhesabu.

"Na katikati mle, pale panapong'aa?"
"Kuna shimo. Zito kuliko jua mara milioni nyingi.
Hata nuru ikitumbukia haitoki."
Shangazi akainua kichwa, akaangalia giza lililo mbele ya miguu yetu,
kisha akarudi tunduni.
"Kumbe nao wanalo."

Mwalimu alicheka hadi bomba likatikisika,
na mbegu ya boga ikatoka kwenye duara.
Ikabidi aitafute upya.

Alipoipata alisema nuru ile
imeondoka kwao miaka milioni thelathini iliyopita.
Shangazi alikaa kimya. Nilidhani amechoka.
"Ingewahi mwezi mmoja tu," akasema,
"ingenikuta kipofu."

Njiani nilimshika kiwiko, tochi ikiruka mawe.
Jicho la kushoto zamu yake ni Agosti.
Alitaka kuja nalo, alinganishe.
Nikamwambia Agosti haionekani,
itakuwa inazama pamoja na jua.

"Basi mwakani," akasema. "Yenyewe haina haraka.
Wewe washa tochi vizuri, kuna kisiki hapo."

Na kweli kilikuwepo. Mimi sikukiona.